Rumaliza wa Ujiji: Amiri Jeshi Aliyepigana kwa Hisa

Kabla ya Rumaliza, Ujiji haukuwa mji wa vita. Ulikuwa mji wa soko. Mkubwa wa watu wa pwani waliokaa pale alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima aliyefika ziwani zamani, akazoeana na watawala wa Wajiji, na mambo mengi akayamaliza kwa mazungumzo. Sokoni waliuza dagaa, mawese, muhogo na chumvi ya Uvinza, na malipo yalikuwa sofi, shanga fupi mfano wa vipande vya shina la kiko, zilizotungwa kwenye uzi kwa hesabu iliyojulikana na kila mtu. Asubuhi mwenye nguo aliibadili kwanza kuwa sofi ndipo anunue chakula. Jioni wauzaji nao walizibadili sofi zao kuwa nguo, soko likafungwa. Mji wenye wabadili fedha wa kila siku si mji wa wakimbizi wa vita.

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Unguja alimtambua Mwinyi Kheri kuwa mwakilishi wake, na bendera nyekundu ikapandishwa ufukweni. Miaka minne baadaye mzee akafa. Aliyekuja kukalia nafasi yake alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa.

Jina lake halisi lilikuwa Muhammad bin Khalfan bin Khamis al-Barwani. Alizaliwa Lindi, yapata mwaka 1855, katika ukoo wa Kiomani uliokwisha kutia mizizi Unguja na pwani ya kusini. Rumaliza lilikuwa jina la kazi, la aina wanayopewa watu bara na wale wanaowaogopa, na ndilo lililobaki. Aliingia bara akiwa kijana, kama walivyofanya vijana wengi wa koo zilizokuwa na jina kubwa na fedha kidogo. Biashara ya meno ya tembo ilikuwa na faida kwa mwenye moyo wa kutembea miezi, na mtaji wake haukutoka mfukoni mwa msafiri. Ulitoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, wakiongozwa na akina Taria Topan, waliotoa nguo, shanga, bunduki na baruti kwa mkopo na kungoja pembe zirudi. Nani alidai na nani alidaiwa ndilo jambo la kushika katika habari yote inayofuata. Watu wamezoea kumsoma Rumaliza kama sultani, au kama mwizi wa watu. Alikuwa vyote viwili, lakini chini ya vyote viwili alikuwa mshirika katika biashara, na jeshi lake lilikuwa sehemu ya mtaji.

Mshirika mkuu alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye sote tunamjua kwa jina la Tippu Tip. Hadi mwaka 1883 wawili hawa walikwisha kuunganisha mali na watu. Tippu Tip alikuwa na Manyema yote mkononi, kuanzia Kasongo na Nyangwe hadi kwenye maporomoko ya Mto Kongo. Alichokikosa ni mtu wa kumlindia njia ya kutokea. Kila pembe iliyotoka Manyema kwenda Tabora na Bagamoyo ilibidi ivuke Ziwa Tanganyika, na kivuko kilikuwa Ujiji.

Kivuko hicho hakikuwa cha mzaha. Mitumbwi na majahazi hayakukata ziwa moja kwa moja. Yalifuata pwani ya mashariki kuelekea kusini hadi Rasi Kabogo, ambako mawimbi hunguruma ndani ya mapango ya miamba, na mabaharia wakatupa shanga majini kumridhisha mwenye ziwa kabla ya kugeuza omo kwenda Uguha, upande wa pili. Upepo ukibadilika, shehena na roho za watu zilikwenda pamoja. Kwa hiyo mwenye vyombo, mwenye manahodha na mwenye ufukwe wa kuanikia tanga ndiye aliyeamua nani anavuka na kwa bei gani. Rumaliza alilielewa hilo mapema. Wakati huo Mwanga, ambayo leo ni soko kubwa na msongamano wa watu katikati ya Kigoma na Ujiji, haikuwa chochote cha kutajwa, na Kigoma yenyewe ilijulikana kwa ghuba yake tu. Mji ulikuwa Ujiji, na Ujiji ukawa makao makuu.

Kutoka hapo alipanuka kwa maji. Alijenga kituo Uvira, kwenye ncha ya kaskazini, akaweka watu wake Ubwari na katika vijiji vya ufukweni mwa Burundi, akatoza, akanunua, na pasipouzwa akachukua. Askari wake hawakuwa na mshahara. Nyampara alikabidhiwa bunduki na baruti, navyo viliandikwa katika hesabu yake. Alirudi na pembe na watu, hesabu ikapunguzwa. Vijana waliotekwa Manyema walikulia majumbani mwa mabwana, wakavaa kanzu, wakasali, wakapewa gobori, na baada ya miaka michache wao ndio waliokwenda kuteka wengine na kujiita wangwana. Kwa akili ya kijeshi huu ulikuwa mpango wa kutisha, kwa sababu jeshi lilijizalisha lenyewe. Vijiji vya pwani ya magharibi viliulipia. Wamisionari waliopita ufukweni kwa mashua katika miaka hiyo waliandika juu ya mashamba yaliyoachwa na nyumba zilizochomwa, na sina sababu ya kudhani walitia chumvi katika hilo, hata kama walikuwa na mambo yao mengine ya kuuza.

Mahali pamoja pakamshinda. Mwaka 1884 alipeleka watu wake kupanda milima ya Burundi, nchi ya Mwami Mwezi Gisabo, na wakarudishwa. Wengi hulipita jambo hili haraka, na mimi naona ndilo linaloeleza zaidi. Huko Manyema watu wa pwani walikuta watemi wengi wadogo waliogombana, wakamuunga mkono mmoja kumpiga mwingine. Burundi walikuta ufalme mmoja, wapiga mishale wengi waliokusanyika kwa amri moja, na miteremko ambako gobori linalochukua dakika nzima kushindiliwa halina faida kubwa kuliko upinde. Alijaribu tena baadaye, na nyanda za juu za Burundi hazikuwa zake kamwe. Uwezo wake uliishia pale mtumbwi unapoishia.

Kwa Wazungu alikuwa na sera, tena sera ya mfanyabiashara. Waingereza wa London Missionary Society, ambao nahodha wao Edward Hore alikaa Ujiji kabla ya kuhamia kisiwa cha Kavala, walikuwa wateja na majirani, nao hakuwagusa. Alfred Swann, baharia wao mwingine, aliyekaa miaka mingi ziwani na kumjua vizuri, alimwandika kama mtu anayeweza kuongea naye. Mapadri Weupe wa Kifaransa walikuwa habari tofauti. Walinunua watumwa na kuwaweka huru katika vijiji vya misheni, Kibanga na Mpala, wakavizungushia ngome, na Mpala wakamweka Léopold Joubert, askari wa zamani wa jeshi la Papa, awafundishe wanakijiji kulenga shabaha. Kwa Rumaliza hii ilikuwa dola nyingine inayojengwa ndani ya soko lake. Vikosi vyake na vya Joubert viliumana mara kadhaa, bila upande wowote kummaliza mwenziwe.

Kisha ramani ikabadilika bila yeye kuulizwa. Mwaka 1885 wakubwa wa Ulaya walikuwa wamemkabidhi Leopold II wa Ubelgiji nchi yote ya magharibi mwa ziwa, ikaitwa Dola Huru ya Kongo. Mwaka 1890 mkataba wa Waingereza na Wajerumani ukauthibitisha Ujiji kuwa upande wa Mjerumani. Nyumba ya Rumaliza ikawa katika himaya moja na mashamba yake ya pembe katika nyingine. Mwaka huohuo Mkataba wa Brussels ukazuia kuingizwa kwa silaha na baruti katikati ya Afrika. Watu wa Ujiji walikisoma kitendo hicho jinsi kilivyokuwa: Mzungu ananyang'anya funguo za ghala. Maofisa wa Kongo nao wakaanza kuzitoza pembe kodi na kuzielekeza zishuke na mto kwenda Atlantiki badala ya kuvuka ziwa. Tippu Tip aliiona hali, akaondoka Manyema, na Julai 1891 akafika Unguja akiwa mgonjwa. Hakurudi tena. Aliwaachia bara mwanawe Sefu, mpwa wake Rashid, na Rumaliza.

Watatu hawa hawakuwa na amiri mmoja, na hapo ndipo vita vilipoharibikia. Mwishoni mwa 1891 Kapteni Jules Jacques, aliyetumwa na chama cha Kibelgiji cha kupinga utumwa, alipita Karema, akavuka ziwa na kujenga boma aliloliita Albertville, jirani na ilipo Kalemie sasa. Mwaka 1892 watu wa Rumaliza waliliandama boma hilo. Walijenga ngome zao karibu nalo na kulibana kwa miezi, lakini halikuanguka. Wakati huohuo, huko magharibi, Ngongo Lutete, aliyekuwa mkono wa kulia wa Tippu Tip katika nchi ya Lomami, aligeuka na kuhamia kwa Wabelgiji pamoja na maelfu ya wapiganaji. Sefu alidai arudishiwe Ngongo, akakataliwa, akavuka Lomami kwenda kumchukua, akapigwa mwishoni mwa 1892. Francis Dhanis, ofisa wa Leopold, akamfuata nyuma. Machi 1893 Nyangwe ukaanguka. Aprili, Kasongo.

Daktari wa msafara wa Dhanis, Mwingereza Sidney Hinde, alieleza walichokikuta Kasongo, na hadi leo maelezo yake yanashangaza: magodoro ya hariri, mishumaa, sukari, vikombe vya fedha, mashamba ya mpunga, michungwa na mipera. Walikuta pia vitu vya Emin Pasha, msafiri wa Kijerumani aliyeuawa miezi michache kabla. Askari waliokuwa wakilala juu ya majani walilala kwenye magodoro ya hariri. Watu hao hawakuwa wapita njia tu. Walikuwa wamehamia na kujenga. Mashamba hayo, bila shaka, yalilimwa na watumwa.

Rumaliza alikuwa wapi miezi hiyo yote? Ujiji. Vita vya Sefu havikuwa vyake; hisa zake zilikuwa ziwani. Ni baada ya Kasongo kuanguka, na njia yote ya pembe kukatika, ndipo alipovusha jeshi lake, akapita Kabambare na kushuka kuelekea bonde la Luama. Kama angefika mwaka mmoja kabla, Dhanis angekuwa na Sefu mbele na Rumaliza ubavuni, akiwa na askari wachache na mstari mrefu wa chakula nyuma yake. Naweka kosa hili juu ya makosa yake yote ya kijeshi, na ni kosa la mtu anayepima vita kwa daftari.

Lakini alipofika alipigana kuliko wote waliomtangulia. Wabelgiji wenyewe walikiri. Silaha yake kuu ilikuwa boma. Kila alipotua, watu walikata miti, wakasimika ukuta wa magogo, wakachimba handaki kwa ndani na kulifunika kwa magogo na udongo, hata risasi ikiingia haimkuti mtu. Tundu la kuchungulia liliachwa kati ya magogo. Palipokucha na boma moja, kesho yake palikuwa na mawili, na keshokutwa la tatu limekata njia ya maji ya adui. Mbinu hii ilimlazimisha Dhanis kushambulia ukuta, na kushambulia ukuta ndiko kunakoua maofisa. Oktoba 1893 Kapteni Pierre Ponthier, aliyekuwa na sifa ya ushujaa katika jeshi zima la Kongo, alijeruhiwa vibaya katika mapigano hayo akafa. Luteni de Heusch naye akauawa kabla ya mwaka kwisha. Rumaliza alimpoteza Sefu, aliyekufa majira hayohayo, lakini mstari wake haukuvunjika. Kwa wiki kadhaa ilikuwa ni Dhanis aliyejifungia, akingoja nyongeza ya watu na baruti.

Na Ngongo Lutete, aliyewaletea Wabelgiji ushindi? Septemba walimshtaki kwa uhaini mbele ya baraza la kijeshi, wakampiga risasi. Dhanis mwenyewe alipeleka amri ya kuzuia, ikachelewa. Miaka miwili baadaye askari waliokuwa watu wa Ngongo waliasi, na uasi huo uliwasumbua Wabelgiji muda mrefu kuliko Rumaliza alivyowasumbua. Iweke akilini hiyo unapokutana na mnara wa Brussels, uliosimamishwa bustanini mwaka 1921, unaowasifu askari wa Kibelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu mfanya utumwa. Waliopigana pande zote mbili za ngome zile, ukiondoa maofisa wachache sana, walikuwa Wamanyema, Watetela, Wasongye na Wahausa walioletwa kutoka Afrika Magharibi. Wengi wao hawakuulizwa.

Mwisho ulikuja kwa mzinga. Dhanis alikuwa na mzinga wa Krupp ambao kwa muda haukuleta madhara ya maana kwa zile kuta za udongo na magogo. Tarehe 9 Januari 1894 kombora moja lilitua ndani ya boma kuu. Moto ukashika mapaa ya majani, ukaifikia ghala ya baruti. Baruti iliyokuwa adimu tangu ule mkataba wa Brussels, iliyokusanywa mahali pamoja ili ilindwe, ikalipuka yote kwa pamoja. Waliotoka mbio walikutana na bunduki za waliowangoja nje. Katika siku chache zilizofuata ngome za jirani, zilizozibiwa maji, zikasalimu amri moja baada ya nyingine. Kabla Januari haijaisha Hubert Lothaire, ofisa mwingine wa Leopold, aliingia Kabambare, akaendelea hadi ziwani akizibomoa ngome zilizobaki njiani, na huko akakutana na watu wa msafara wa kupinga utumwa. Rashid alijisalimisha. Rumaliza hakupatikana. Alikwisha kuvuka.

Akawa amerudi upande wa Mjerumani, na Mjerumani hakuwa na haraka naye. Ujiji ulikuwa bado hauna ngome ya Kijerumani. Kituo cha kijeshi kilianzishwa na Hans Ramsay mwaka 1896. Wakati huo mtu aliyekuwa mfalme wa ziwa alikwisha kushuka pwani, akiwa na kitu kimoja tu mkononi ambacho hakuna mzinga ungeweza kukilipua. Alikuwa na madai.

Alimshtaki Tippu Tip. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kufanya biashara ya ubia: tulikuwa washirika, mali yako ya pwani ilitokana na pembe zetu wote, mimi nimebaki bara nikafilisika kwa kuilinda njia, nipe fungu langu. Tippu Tip, ambaye miaka michache nyuma alikuwa ameshtakiwa Unguja na mvumbuzi Stanley kuhusu msafara wa kumwokoa Emin Pasha, sasa alishtakiwa na mtu wake mwenyewe. Mahakama ya Kijerumani ya Dar es Salaam ikampa haki Rumaliza, na mali ya Tippu Tip iliyokuwa bara, chini ya Wajerumani, ikaingia hatarini. Mzee Hamed aliyaeleza haya kwa uchungu katika kitabu chake cha maisha, alichokiandika kwa Kiswahili kabla ya kufa mwaka 1905. Ukikisoma utaona kwamba kuanguka kwa Nyangwe na Kasongo, hata kifo cha mwanawe, havikumtoa maneno makali kama kesi hii. Hii ndiyo hesabu waliyoipigania watu wale: pembe ni za nani, na deni liko kwa nani. Vita na Dhanis vilikuwa gharama mojawapo katika daftari hilo.

Ujiji ulibaki na watu wa daftari lile. Maelfu waliovushwa ziwa wakiwa mateka, wapagazi au askari hawakurudi kwao, kwa sababu kwao kulikuwa kumegeuka nchi ya Leopold, na habari za watu kulazimishwa kugema mpira Kongo zilifika ufukweni haraka. Walijenga, wakalima, wakavua, wakaoana, wakajiita Wamanyema bila haya, na wakauweka Uislamu wa mji huo katika sura yake ya leo, dhikri na twariqa ya Qadiriyya zikiwa na nguvu hadi Rumonge na Bujumbura. Wajukuu wa waliotekwa na wajukuu wa waliowateka wanakaa mtaa mmoja, na mara nyingi ni watu walewale.

Rumaliza mwenyewe aliishia Unguja, mtu mzima mwenye jina na asiye na jeshi. Mwaka 1908 barua iliyosemekana imetoka Makka ilianza kusomwa misikitini Lindi, kisha ikasambaa pwani na bara: kiyama kimekaribia, waumini watubu, waache ngoma na anasa, wajitenge na makafiri. Maji Maji ilikuwa imezimwa juzi tu, na maofisa wa Kijerumani wakashtuka. Wakakamata walioinakili na walioisoma hadharani, wakafuatilia ilikopita, mkono hadi mkono, hadi ng'ambo ya maji. Jina lililotajwa kuwa la aliyeituma kwa ndugu zake wa Lindi lilikuwa la Muhammad bin Khalfan al-Barwani. Hakukuwa na risasi hata moja ndani ya bahasha, lakini serikali ya Mjerumani ilituma maofisa wake wilaya kwa wilaya kuisaka nakala ya mwisho.